Matembezi ya Msafiri: Mji wa Kale Ulio Kando ya Nakuru

Wako watu waliokaa Nakuru miaka kumi, hata ishirini, wanaojua bei ya gunia la mahindi katika kila soko na sura ya kila kondakta wa matatu. Walakini ukiwauliza habari za mji ulio wa kale kuliko Nakuru, ulio karibu hata mtu aweza kwenda baada ya chakula cha mchana akarudi kabla ya jua kuchwa, watakuambia kwamba hakuna mji wa namna hiyo. Nilimwuliza kerani mmoja, rafiki yangu, ambaye kila asubuhi hutoka Lanet kwenda kazini mjini. Alicheka, akasema, "Bwana Msafiri, kabla ya reli kufika, hapa palikuwa na Wamasai, ng'ombe na vumbi, basi."

Sikumjibu. Ilikuwa Jumamosi, naye hakuwa na udhuru, kwa hiyo nilimwambia avae viatu vya kutembelea tukatoka pamoja.

Yapata kilomita 4 kutoka katikati ya Nakuru, kwa njia ya kwenda Nairobi, kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, ndiyo kusema Kilima cha Pimbi. Kerani wangu amepita karibu nacho kwa miaka tisa, mara mbili kila siku ya kazi. Alikuwa ameona kibao chake, akadhani ni mahali pa Wazungu kula nyama. Pimbi, kwa wale wasiomjua, ni mnyama mdogo akaaye katika mianya ya mawe, umbo lake kama la sungura aliyekatwa masikio, na wataalamu wa wanyama husema kwamba ni jamaa ya tembo. Kerani alikataa kata kata kuisadiki habari hiyo, nami sikumlaumu. Siku ile hatukuona pimbi hata mmoja. Mji umekua ukakizunguka kilima, na mnyama mwenye busara hapendi kelele za pikipiki.

Langoni tulimkuta mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake, mtoto wa shule mwenye daftari na kalamu, ambaye mwalimu alikuwa amemwagiza aandike habari za mahali hapo. Tulimwamkia mzee, naye akatuitikia kwa furaha, akatuambia kwamba anakaa upande wa Lanet, ana ng'ombe watatu wa maziwa na kishamba kisichofika ekari moja, na kwamba yeye pia hajapata kuingia humu. Basi tukalipa kiingilio, tukafuatana sote na kijana mwongozaji wa mahali pale. Nawaambieni kweli kwamba bila mzee yule nisingalielewa nusu ya niliyoyaona.

Kwanza yafaa nieleze jinsi mahali hapa palivyojulikana. Mwaka 1926 Louis Leakey, yule mwana wa misheni aliyezaliwa Kabete na kusema Kikikuyu tangu utoto, alikuwa akichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru, akakitazama kilima hiki, akatambua kwamba kina mabaki ya watu wa kale. Hakupata nafasi ya kukichimba. Kazi hiyo ilifanywa na mkewe, Mary Leakey, katika miaka ya 1937 na 1938, na taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1945. Kazi ya jembe, karai na chekecheo ilifanywa na vibarua Waafrika, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Ardhi ilikuwa sehemu ya shamba la mama mmoja wa Kizungu, Bibi Selfe. Mwaka 1943 kilima kilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa sheria, na mwaka 1965, nchi ilipokuwa imekwisha kupata uhuru, nyumba ya shamba lile ilifunguliwa kuwa jumba dogo la makumbusho. Hata leo ukiingia humo utajua kwamba ilikuwa nyumba ya mtu, maana vyumba vyake ni vya kulala na kulia chakula, si vya ofisi.

Kutoka nyumbani hapo tulipanda kidogo, tukasimama tukitazama ziwa. Kijana mwongozaji alituambia jambo lililomfanya mjukuu aache kuandika. Alisema kwamba zamani sana maji ya ziwa yalifika mpaka chini ya kilima hiki. Si hadithi tu. Wataalamu wamepima alama za fukwe za kale katika Bonde la Ufa, wakaona kwamba yapata miaka 10,000 hivi iliyopita, wakati wa mvua nyingi, Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa lenye kina kirefu, na maji yake hayakuwa ya magadi makali kama ya leo. Kerani alisema hilo haliwezekani. Mzee akamwambia, "Mwanangu, wewe hukuona juzi lango kuu la mbuga likimezwa na maji?" Ni kweli. Tangu miaka ya 2010 na kuendelea ziwa lilipanda, likafunika lango kuu la mbuga pamoja na ofisi zake, na miti ya migunga ikafa ikiwa imesimama ndani ya maji. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kucheka akiambiwa habari za ziwa lililohama.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe. Nimeuita mji, na huenda msomaji akatarajia kuta na milango kama ya Gedi kule pwani. Asitarajie. Kuna mabaki ya vijiji vya nyakati mbalimbali, vingine juu ya vingine, kama vile mtu ajengavyo juu ya kiwanja cha babu yake bila kujua. Upande wa kaskazini mashariki kuna maboma kumi na matatu ya mawe, mengine yamebaki kama mistari tu katika majani. Upande wa pili kuna makaburi, na karibu nayo kuna mashimo mapana, ambayo ndiyo niliyotaka sana kuwaelezea leo.

Mashimo hayo huitwa mashimo ya Wasirikwa. Hayapatikani hapa tu. Yamejaa katika nyanda za juu za magharibi, kutoka Nakuru na Lanet mpaka Uasin Gishu, Nandi, Kericho na miinuko ya Cherangani, na wakulima wengi wasomao gazeti hili huenda wanalo moja shambani, wamelipanda mahindi au wamelifanya jalala. Ni kama bakuli kubwa lililochimbwa katika mteremko. La kawaida lina upana wa mita kumi au zaidi, na kina chake chaweza kufika mita mbili au tatu. Upande wa chini pana nafasi ya mlango, na nje ya mlango pana kichuguu.

Wazungu wa kwanza walioyaona walisema kwamba ni nyumba za watu waliokaa chini ya ardhi. Baadhi ya maafisa na walowezi walitunga nadharia nyingi. Bwana Huntingford, aliyekaa sana Nandi na kuandika mengi juu ya watu wa huko, aliandika mwaka 1933 habari za ustaarabu aliouita wa Waazania, akiyahesabu mashimo, mifereji na njia za kale kuwa kazi ya taifa moja lililokwisha kutoweka. Siku hizo ilikuwa desturi kwamba kila kazi ya kale iliyokuwa nzuri ilitafutiwa mgeni wa kuifanya. Babu zetu walihesabiwa kuwa na uwezo wa kubomoa tu.

Mzee wetu hakujua lolote la haya. Alisimama ukingoni mwa shimo, akatazama juu na chini, akashuka taratibu akiegemea fimbo, akaingia kwa mlango wa chini kama angeingia ng'ombe. Akainama, akachukua udongo wa kile kichuguu, akausugua kwa vidole. Kisha akatuita.

"Hapa hapakaa watu," akasema. "Hapa palilala ng'ombe."

Kijana mwongozaji akatabasamu, akamwuliza, "Mzee, umejuaje?"

"Mlango uko chini. Nani ajengaye nyumba yake mlango ukatazama chini ya mteremko, mvua yote ipite kitandani? Lakini zizi, mlango wake lazima uwe chini, mkojo utoke, na matope yatoke. Na hiki kilima kidogo ni samadi. Kila asubuhi watoto walikuwa wakifagia, wakitupa hapa. Nami nilifagia hivyo hivyo nilipokuwa mdogo, nikichapwa kila nilipochelewa."

Wasomaji, nilitaka kucheka kwa furaha. Maana jambo alilolisema mzee kwa muda wa dakika tano ndilo ambalo wataalamu walilifikia kwa kazi ya miaka mingi. Mwaka 1957 Merrick Posnansky alichimba mashimo kama haya pale Lanet. Baadaye John Sutton alizunguka nyanda za juu za magharibi, akiyapima mashimo na kuwauliza wazee wa Kikalenjin, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba haya ni mazizi, na kwamba vichuguu vile ni samadi na matope yaliyozolewa. Katika miaka ya 1980 alirudi kuchimba hapa hapa Hyrax Hill. Nyumba za watu zilikuwa pembeni, zimeshikamana na zizi, na mara nyingi mlango wa nyumba ulifunguka ndani ya zizi lenyewe. Hapakuwa na njia nyingine ya kuingia. Hivyo mwizi aliyetaka ng'ombe alipaswa kupita mlango mmoja mwembamba, gizani, huku wenye mali wakimsikia.

Kwa nini kuchimba zizi, badala ya kulizungushia miba juu ya ardhi kama wafanyavyo wengine? Mzee alijibu kwamba katika nyanda za baridi ndama hufa kwa upepo wa usiku, na shimo huukinga upepo. Hilo halina ubishi kwa mtu aliyelala Mau Narok mwezi wa Julai. Lakini wataalamu hutilia mkazo ulinzi. Shimo lenye ukuta au ua juu ya ukingo wake ni ngome ya mtu maskini. Wasirikwa walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakanywa maziwa, na kila jamaa ililinda mifugo yake katika zizi lake. Waliishi hivyo kwa muda mrefu sana, yapata tangu miaka 800 iliyopita mpaka miaka 300 hivi iliyopita. Kisha walikuja wafugaji wenye makundi makubwa zaidi na vijana wengi wa rika moja waliojua kupigana pamoja, na mazizi ya kuchimba hayakufaa tena. Shimo la kufunga ng'ombe thelathini haliwezi kuzuia kikosi cha morani mia. Tena makundi makubwa hayaenei humo.

Mkulima asomaye haya aangalie shambani mwake. Kama analo shimo la namna hiyo, asilisawazishe kwa trekta kabla ya kuwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 yamtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Najua wengi huogopa kwamba wakisema watanyang'anywa ardhi. Hofu hiyo ina historia yake, wala siwezi kuifanyia mzaha katika nchi hii. Lakini mara nyingi mtaalamu hutaka kupima, kupiga picha na kuandika tu, na kitu kikiisha kuvunjwa hakuna awezaye kukirudisha.

Mzee naye alikumbuka kwamba alipokuwa kijana, akifanya kazi katika shamba la mlowezi, waliona bakuli la jiwe lililofukuliwa na plau, nalo likawekwa nyuma ya jiko, kuku wakanywea maji. Kijana mwongozaji alishika kichwa kwa uchungu. Mabakuli ya namna hiyo, yaliyochongwa katika mawe ya volkano, ni kazi ya wafugaji wa kale zaidi kuliko Wasirikwa, watu waliokuwa katika bonde hili yapata miaka 3,000 iliyopita na ambao hawakuwa na chuma hata kidogo. Wembe wao ulikuwa lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo watoto wetu huliokota barabarani, na ambalo lilichukuliwa hasa kutoka Eburru na pande za Naivasha. Ukivunja jiwe hilo vizuri hupata makali yanayoshinda kisu cha dukani. Pale Njoro, katika pango kando ya mto, akina Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta wafu wengi waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, na pamoja nao mabakuli ya mawe, shanga, na kibuyu kilichogeuka makaa bila kupoteza umbo lake. Kibuyu! Mimi nilipokisoma kisa hicho nilikumbuka kibuyu cha maziwa cha nyanya yangu, na harufu ya moshi wake.

Hapa Hyrax Hill, watu hao wa enzi ya mawe walizika wafu wao wakiwa wamekunjwa kama mtoto alalavyo. Wanawake walizikwa pamoja na sahani za mawe. Wanaume hawakupewa kitu. Kerani aliona hilo ni dhuluma, akauliza kwa nini. Hakuna ajuaye, ila mzee alisema kwamba sahani ni ya mwenye jiko, na mwanamume akifika ahera bila sahani atapakuliwa na mkewe. Naliandika jibu hili hapa kwa sababu sijasikia lililo bora kuliko hilo.

Juu ya makaburi hayo ya kale, watu wa enzi ya chuma walizika tena wafu wengine baada ya karne nyingi, na hawa walikuwa kwa sehemu kubwa vijana wanaume, na baadhi yao vichwa vilikuwa vimetengwa na viwiliwili. Yamkini walikufa vitani. Mjukuu alitaka sana kukaa mahali hapo. Babu yake akamwondoa.

Tulipokuwa tukipanda kileleni tulipita jiwe pana lenye safu za vishimo vilivyochongwa. Sote tulilitambua mara moja. Watu wa pwani huuita mchezo huo bao, Wakikuyu huuita giuthi, Wamasai huuita enkeshui. Mzee alipitisha kidole katika vishimo kimoja kimoja, kama mtu ahesabuye madeni. Hakuna njia rahisi ya kujua umri wa kishimo kilichochongwa katika mwamba, maana mwamba hautunzi tarehe. Huenda ni kazi ya wachungaji wa miaka 500 iliyopita, huenda ni ya wachungaji wa siku za reli. Lakini hakika walikaa hapa wakitazama ng'ombe wakilisha bondeni, nao walikuwa na saa nyingi za kupoteza, jambo ambalo kerani alisema hana.

Kileleni kuna boma dogo la mawe, kama ngome ya walinzi, na ukisimama hapo huelewa bila kuambiwa kwa nini watu walipapenda. Ziwa liko chini yako. Kwa upande mmoja Menengai imeinua bega lake, kwa upande mwingine ni vilima vya kuelekea Elmenteita, na mbali kabisa ni ukuta wa Mau. Hakuna adui angeweza kuja kwa siri. Siku hizi yaonekanayo zaidi ni mapaa ya mabati yakimetameta, maghorofa, na malori katika njia kuu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye, mwaka 1904, Wamasai walitiliana mkataba na Serikali ya Kiingereza, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, wengine Laikipia na wengine kusini, na mashamba yakagawiwa walowezi. Walowezi walihitaji mikono, wakaja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo na wengine, wakakaa kama maskwota katika mashamba yasiyokuwa yao. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yalinunuliwa na kukatwakatwa. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliipa Nakuru hati ya kuwa jiji. Yote hayo, kutoka kituo cha reli mpaka jiji, ni miaka 121. Mtu aliyelala kaburini chini ya kilima amekuwako huko kwa muda mrefu mara nyingi kuliko huo.

Hapo juu ndipo mzee alipouliza lile ambalo nilikuwa nikilingoja, kwa sababu kila mtu huuliza akifika hapa. Alimgeukia kijana mwongozaji, akasema, "Sasa mwanangu, hawa watu walikuwa kabila gani?"

Kijana alijibu kwa uangalifu sana, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi na watu wa kila namna. Alisema kwamba jina la Wasirikwa limetoka katika masimulizi ya Wakalenjin, ambao husema kwamba watu hao waliwatangulia katika nchi hii. Baadhi ya koo za Kikalenjin husema kwamba wana damu yao, na ziko koo nyingine katika bonde zisemazo vivyo hivyo. Kuhusu wale wa kale zaidi, wa mabakuli ya mawe, alitueleza utafiti uliotangazwa mwaka 2019 katika jarida la Science. Wataalamu walichukua chembe kutoka katika mifupa ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, na miongoni mwao watu wa Hyrax Hill na Njoro, wakasoma ndani yake urithi wa uzazi. Wakaona kwamba wafugaji wale walikuwa mchanganyiko wa damu tatu. Moja ilitoka kaskazini kabisa, upande wa Afrika ya kaskazini na nchi za jirani yake. Moja ilifanana na ya watu wa Sudani wa leo. Moja ilikuwa ya wawindaji wenyeji, waliokuwako kabla ya ng'ombe wa kwanza kuonekana.

"Basi hata hao walikuja," akasema mzee.

"Walikuja, wakawakuta wengine, wakaoana nao," akasema kijana.

Mzee alinyamaza. Hapo ndipo alipotueleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba yeye hakuzaliwa Lanet. Alikuwa na shamba upande wa Molo, ekari tano alizozinunua kwa fedha za pareto, na mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, nyumba yake iliteketezwa, naye akakaa miezi mingi katika hema pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru, pamoja na maelfu ya wengine. Wapo wasomaji wetu waliokaa katika mahema hayo. Wapo pia, mbele ya uwanja ule na nyuma yake, watu wa makabila mengine waliofukuzwa au kuuawa mjini Nakuru katika wiki hizo hizo, na mzee mwenyewe aliwataja bila kuulizwa, akisema jirani yake fundi cherehani, Mjaluo, hakuonekana tena.

"Wale vijana walituambia turudi kwetu," akasema. Akaelekeza fimbo yake kule chini kwenye mashimo. "Mimi sikujua kwetu ni wapi. Nilizaliwa katika shamba la Mzungu. Sasa na huyu mwenye zizi, wangemwambia arudi wapi?"

Kijana hakujibu, na kerani wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Nami niliyekuja na maswali mengi katika daftari sikuona hata moja linalofaa. Ni mjukuu aliyetuokoa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe akiandika, akainua kichwa akauliza, "Babu, maboma ni kumi na mangapi?"

"Kumi na matatu," akasema mzee.

"Mwalimu alisema kumi na mawili."

"Kesho umwambie aje ahesabu."

Tuliteremka jua likiwa limeelekea Mau, na mawe ya maboma yalikuwa yametoa vivuli virefu hata yakaonekana wazi kuliko mchana. Huo ndio wakati mzuri wa kuyatazama, na nawashauri mtakaokwenda mwende alasiri, si saa sita, na mvae viatu vilivyofunga kwa sababu ya miba. Wafanyakazi wa mashambani waweza kwenda siku ya mapumziko, nao walimu wataona kwamba darasa zima laweza kupelekwa kwa miguu kutoka shule za karibu. Barabarani mzee alikataa kupanda matatu, akasema anakwenda kukamua, na kwamba ng'ombe hawajui Jumamosi. Tuliagana naye hapo. Kerani alikaa kimya mpaka tulipofika penye kibao kile alichokuwa akikiona kwa miaka tisa, akasimama akakisoma chote, mstari kwa mstari.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakwenda Kariandusi, karibu na Gilgil, kutazama mashoka ya mawe ya watu walioishi zamani sana, hata Wasirikwa, wakilinganishwa nao, ni kama majirani wa jana. Msomaji mwenye habari za bakuli la jiwe, shimo la kale, au jiwe la bao katika shamba lake, aniandikie kupitia kwa Mhariri, nami nitazipeleka habari zake panapohusika.